Umeovakloki prosesa na mashine inakrashi? Usiguse volteji kwanza

Karibu kila mtu ninayemjua hapa Kampala aliyeovakloki prosesa yake, yaani kuiendesha kwa spidi kuliko ile ya kiwandani, ana tabia moja, mashine ikikrashi tu anaingia BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows, anaongeza volteji, ikikrashi tena anaongeza tena, mpaka prosesa inachemka kama sufuria ya posho na bado inakrashi. Nami nilifanya hivyo wiki nzima, kumbe kosa lilikuwa skrubu. Ndo maana naandika hapa kila kitu ninachofanya sasa, kwa mpangilio ninaoufuata, manake volteji ndo kitu pekee kwenye hii shughuli kinachoweza kuichosha prosesa taratibu bila wewe kuona chochote, na ndicho hicho watu wanakikimbilia kabla ya kingine.

Kazi yangu ni kuediti video za kwanjula (ile sherehe ya utambulisho kabla ya harusi) na harusi. Mashine yangu ni i7-8700K, ile ya koa 6, yaani viini sita vya kuchakata ndani ya prosesa moja, iliyotoka 2017, kiwandani wameiwekea mwisho wa 4.7 GHz koa moja ikifanya kazi na 4.3 zote zikiwa kazini, mimi nikaipeleka 5.0 koa zote na ikakaa miezi mingi bila neno. Halafu nikahama Bweyogerere nikaenda Ntinda, mashine ikapandishwa boda, nimeipakata mwenyewe njia nzima. Siku ya pili nikaweka video ya kwanjula irenda, yaani itoke faili la mwisho, kazi ya masaa matatu, dakika ya arobaini ikazima. Nikatoka volti 1.31 nikaweka 1.33, ikafika mbali kidogo ikazima, nikaweka 1.36, ikazima mapema zaidi. Hapo ndo nilipaswa kushtuka, ukiongeza volteji na mambo yanazidi kuharibika basi kuna uwezekano mkubwa shida yako ni joto. Nikafungua kasha, nikakuta hitisinki, kile chuma cha mapezi kinachopoza prosesa, imelegea upande mmoja, skrubu mbili zimejilegeza kwa yale mashimo ya njiani. Hizi hitisinki kubwa za mnara zinakaribia kilo moja na zinaning'inia pembeni ya madabodi, ile bodi kuu ya mashine, boda ikiruka na zenyewe zinaruka.

Sasa tuanze. Kabla hujagusa chochote toa nakala ya kazi zako kwenye diski ya nje. Hili sitanii, prosesa isiyotulia haikrashi tu, inakosea hesabu, na faili linaloandikwa wakati huo linaweza kuharibika kimya kimya, unakuja kugundua wiki mbili baadaye video haifunguki. Harusi ya watu hairudiwi.

Ukishamaliza hapo rudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Ingia BIOS, tafuta pale pameandikwa Load Optimized Defaults, bonyeza, sevu, toka. Kila kitu namaanisha kila kitu, pamoja na XMP ya RAM, ile profaili inayoipandishia RAM spidi, watu wengi wanaiacha wakidhani XMP siyo ovakloki. Ni ovakloki. Prosesa kama yangu Intel wameiandikia RAM ya DDR4-2666, ukiwasha XMP ya 3200 ushaivusha mstari tayari hata kama hujagusa koa hata moja. Kama mashine imegoma kabisa hata BIOS haionyeshi, chomoa waya wa umeme ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja umalize chaji iliyobaki, toa ile betri ya duara CR2032 kwenye madabodi subiri dakika tano, rudisha. Mipangilio itafutika itaanza upya. Ila kabla ya kufuta, kama BIOS bado inafunguka, piga picha za kila ukurasa na simu, utanishukuru.

Halafu itumie hivyo ikiwa ya kiwandani, na kazi ile ile iliyokuwa inaizima. Siku moja nzima au mbili ikiwezekana. Kama inakrashi hata hapo, ovakloki haina hatia na hutaitibu kwa volteji hata ukeshe, angalia pawa saplai, RAM, diski, draiva za kadi ya video. Kama imetulia, basi mwizi yumo ndani ya mipangilio yako na sasa tunamtafuta mmoja mmoja. Hii hatua watu wanairuka kwa sababu inaboa, siku mbili za kusubiri, lakini ndo inayokata nusu ya kazi yote.

Wakati unasubiri jifunze kusoma namna mashine inavyokufa, manake hazifi namna moja. Kwanza toa ile tabia ya Windows ya kujiwasha upya ikikrashi, ipo kwenye mipangilio ya juu ya sistimu, sehemu ya Startup and Recovery, toa tiki ya Automatically restart, ili skrini ya bluu ikija ikae uisome. Ukiona WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR au CLOCK_WATCHDOG_TIMEOUT, kidole kinaelekea kwenye koa za prosesa, mara nyingi volteji haiwatoshi kwa spidi uliyowapa. Ukiona MEMORY_MANAGEMENT, au majina yanabadilika badilika kila siku jipya, mimi naanza na RAM. Siyo sheria ya kuapia, ni mahali pa kuanzia tu. Kama inaganda, picha imesimama sauti inakwaruza, mara nyingi bado ni prosesa au RAM. Lakini kama inazima ghafla kabisa, paap, giza, feni zote zimesimama kama mtu kang'oa waya, hapo fikiria joto lililopita kiasi au umeme.

Na kabla hujaanza kufikiria hivyo, angalia taa ya jirani na Yaka yako, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Nimeshaitwa na kijana mmoja huko Kireka analalamika mashine inazima kila jioni, kumbe Yaka inaisha na mdogo wake analoadi tokeni haraka haraka kabla yeye hajafika sebuleni.

Fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, upande wa System, tafuta WHEA-Logger, hizo ni ripoti za makosa ya vifaa. Namba 18 ni kosa lililoiua mashine na inakutajia APIC ID, yaani ni koa ipi iliyokosea, iandike, kama ni ile ile kila siku umepata koa yako dhaifu. Namba 19 ni kosa ambalo prosesa ililirekebisha yenyewe, mashine haikufa, wewe hukuona kitu, ila ni onyo na hii naipenda kuliko zote manake inakuja kabla ya krashi. Ukizikuta 19 zimejipanga ovakloki yako haijatulia hata kama unacheza gemu vizuri. Utakuta pia Kernel-Power 41, hiyo watu wanaiogopa bure, inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga, haikuambii kwa nini.

Sasa joto. Weka HWiNFO64, programu ya kusoma sensa za mashine, iache wazi pembeni, tazama joto la kila koa na siyo wastani. Intel nyingi za kuovakloki zinajipunguza zenyewe zikifika 100, Ryzen za AMD kama 3600 mwisho wake ni 95. Mimi nikiwa kwenye kazi nzito sitaki kuona zaidi ya 85, siyo kwamba 90 inaua leo, ila prosesa ikiwa ya moto inahitaji volteji zaidi kwa spidi ile ile, kwa hiyo ovakloki iliyotulia kwenye 75 inaweza kukrashi kwenye 92 bila wewe kubadilisha chochote. Hapa ndo hali ya hewa ya kwetu inapoingia. Rafiki yangu aliseti mashine yake Kabale, usiku kule unajifunika blanketi mbili, akaijaribu usiku kucha ikapita, akaja nayo Gulu mwezi wa pili wakati wa kiangazi ikawa inakrashi kila mchana. Chumba kikipanda digrii kumi, prosesa nayo inapanda karibu kumi hizo hizo, hakuna hitisinki inayoweza kupoza chini ya hewa inayoipuliza. Kwa hiyo ukiijaribu, ijaribu saa nane mchana madirisha yakiwa vile unavyoyaacha siku zote.

Vumbi nalo. Hili vumbi letu jekundu la marram linaingia kwenye mapezi ya hitisinki linashikana na unyevu linakuwa kama blanketi. Kama uko karibu na barabara isiyo na lami fungua kila miezi miwili au mitatu, puliza, shika feni na kidole isizunguke wakati unapuliza. Thamo pesti, ile krimu ya kati ya prosesa na hitisinki, ikiwa imekauka ibadilishe, safisha ya zamani na spiriti, weka tone la ukubwa wa punje ya njegere katikati, funga skrubu kwa msalaba, hii kidogo ile kidogo, usikaze moja mpaka mwisho kwanza. Na ukisafirisha mashine kwa boda au teksi, ng'oa hitisinki kubwa kama unaweza, kama huwezi lalisha kasha ubavu ili madabodi iwe chini na hitisinki isimame juu yake, siyo kuning'inia. Wenye 8700K kama mimi mjue pia kwamba ndani chini ya kile kifuniko cha chuma Intel waliweka pesti badala ya kulehemu, ndo maana inachemka hata hitisinki ikiwa nzuri, kuna mafundi wanaokifungua wabadilishe, mimi sikushauri kama hujawahi.

Umeme. Hapa Uganda ukutani ni 240 na saa zingine unaona kabisa taa inafifia jirani akiwasha mashine ya kuchomelea. Pawa saplai nzuri inavumilia mengi, ila ile ya bei rahisi iliyoandikwa 500W kwa stika ya rangi rangi mara nyingi haiwezi kutoa hizo, na ukishaovakloki prosesa yako inakula zaidi ya ilivyoandikwa kwenye boksi. 8700K imeandikwa wati 95, kwa 5.0 na kazi nzito inapita hapo sana. Laini ya volti 12 inatakiwa ikae kati ya 11.4 na 12.6, HWiNFO inaonyesha lakini sensa za madabodi hazina ukweli kamili, ukiwa na maltimita, kile kipimo cha volteji, pima kwenye plagi ya molex mashine ikiwa kazini. Ikishuka karibu na 11.4 badilisha pawa saplai, acha kabisa kucheza na BIOS. Na hakikisha ile plagi ya prosesa juu kwenye madabodi, ya pini 8, imechomekwa yote nane, nimeshakuta imechomekwa nne nusu imening'inia. Stebilaiza inasaidia umeme ukipanda na kushuka, UPS inasaidia ukikatika. Ila kama mashine inazima sekunde ile ile UPS inaposhika, jaribu kuchomeka moja kwa moja ukutani uone tofauti, kuna UPS za bei nafuu ambazo wimbi lao la umeme siyo laini na pawa saplai zingine hazilipendi.

Kama joto liko sawa na umeme uko sawa, tenganisha RAM na koa. Acha koa kiwandani, washa XMP peke yake, tia MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi iendeshe usiku kucha. Kosa moja ni kosa, usiseme "moja tu". Ikitoa makosa jaribu RAM kwa spidi ya chini kidogo, mfano kutoka 3200 uje 3000, au ijaribu stiki moja moja, hasa kama umenunua stiki mbili tofauti kwa watu tofauti pale mjini ukazichanganya. RAM ikipita, izime XMP, sasa urudi kwenye koa.

Hapa ndo volteji inapata zamu yake, na utaona tumefika mbali kabla ya kuigusa. Weka spidi yako ya ovakloki na volteji uliyokuwa nayo kabla ya matatizo, ya mkono, siyo Auto, Auto kwenye madabodi nyingi inapenda kumwaga volteji kupita inavyohitajika. Fungua HWiNFO, tazama Vcore, yaani volteji ya koa, mashine ikiwa imetulia kisha ikiwa kazini. Utaona inashuka, umeweka 1.300 ikiwa kazini inasoma 1.248, huko kushuka ni kwa kawaida kabisa, kumetengenezwa kuwe hivyo. Lakini inayokrashi inakrashi kwa ile 1.248, siyo kwa namba uliyoandika BIOS. Watu wawili wanakuambia wote wako 1.30 mmoja anatulia mmoja hapana, na tofauti ni kipengele kimoja kinaitwa LLC, kinachozuia Vcore isishuke sana. Weka kiwango cha katikati. Cha juu kabisa usiweke, kinafanya volteji iruke juu kwa sehemu ndogo ya sekunde mzigo unapotoka ghafla, ule mruko HWiNFO haiwezi kuukamata, lakini prosesa inaupata. Kumbuka pia namba zinapanda upande gani, kwenye madabodi zingine kiwango cha 1 ndo kikali zaidi na kwenye zingine ndo kidogo zaidi, soma kitabu chake.

Ukiongeza volteji ongeza 0.01, siyo 0.05. Moto wa prosesa unakwenda na volteji zidisha kwa volteji, ukitoka 1.25 ukaenda 1.35 kwa spidi ile ile umeongeza moto karibu asilimia 17, kwa hiyo kila hatua rudi utazame joto tena. Kwa kizazi cha 8700K wengi wetu hatupiti 1.35 hadi 1.4 kwa mashine ya kazi ya kila siku, mimi mwenyewe 1.35 ndo ukuta. Ukifika hapo na bado inakrashi, shusha spidi 100 MHz. Kati ya 5.0 na 4.9 ni asilimia 2, kwenye renda ya masaa matatu ni dakika tatu nne hivi, na prosesa zenyewe hazifanani hata zikiwa na jina moja, kuna inayofika 5.1 kirahisi na kuna isiyofika 4.9 hata uipigie magoti.

Kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Kimoja, jaribu, andika. Nina daftari la shule la kurasa 48, tarehe, spidi, volteji ya BIOS, volteji ikiwa kazini, joto la juu, jaribio gani, imepita au imekufa dakika ya ngapi. Ukibadilisha vitu vitatu ikatulia hujui kipi kimekuponya, na siku ikikrashi tena unaanza sifuri.

Majaribio nayafanya hivi, kwa programu za kuibana prosesa, Cinebench R23 dakika kumi kwanza ili nione kama inasimama, halafu OCCT saa moja, halafu Prime95. Kwenye Prime95 uwe makini, lile jaribio la Small FFTs likitumia AVX, aina ya hesabu nzito za prosesa, linatoa moto ambao gemu hata haukaribii, ukiona inapita 95 simamisha, haina faida. Kama kazi yako kweli inatumia AVX, na kurenda video kunatumia, tafuta kwenye BIOS kitu kinaitwa AVX offset, weka 2, basi mashine itashuka 200 MHz kwenye kazi hizo tu na zingine itabaki juu. Kazi moja ya Prime95 ikisimama zingine zikiendelea, hiyo imefeli, hata kama mashine haijazima. Mwisho kabisa naweka kazi yangu halisi, video nzima ya kwanjula, mara mbili, mchana.

Wa Ryzen mna jambo lenu. Kama umetumia Curve Optimizer, kipengele cha kupunguza volteji ya kila koa, ukaweka hasi kubwa, mashine inaweza kupita Cinebench vizuri kabisa halafu ikakufa ukiwa unasoma meseji tu au umeiacha haina kazi, manake koa moja ikiwa peke yake inapanda spidi ya juu kabisa na hapo ndo volteji uliyoipunguza haitoshi. Mzigo mzito hautakuonyesha hilo. Tumia CoreCycler, inajaribu koa moja moja, iliyofeli ipunguzie hasi, mfano kutoka -25 uje -18, zingine ziache.

Na wenye Intel za kizazi cha 13 na 14, hasa i7 na i9, kabla ya yote haya apdeti BIOS. Mwaka 2024 Intel wenyewe walikubali kwamba prosesa hizo zilikuwa zinajiombea volteji kubwa kupita kiasi na zinaharibika taratibu, wakatoa marekebisho ya 0x129 mwezi wa nane na 0x12B mwezi wa tisa, na dhamana wakaiongeza miaka miwili. Yako ikikrashi hata ikiwa ya kiwandani na BIOS mpya, imeshaumia, apdeti haiiponyi, idai dhamana. Kama umenunua yuzdi muulize muuzaji risiti kabla hujatoa hela. Na apdeti ya BIOS usiifanye bila UPS, umeme ukikatika katikati madabodi inaweza kulala moja kwa moja.

Ukishapata mipangilio iliyotulia, washa XMP tena kama RAM ilipita, rudia jaribio la pamoja, kisha fungua Command Prompt kama msimamizi andika sfc /scannow ili Windows irekebishe faili zake zilizoharibika wakati wa zile krashi, ukiacha hivyo unaweza kuendelea kuona skrini ya bluu ukadhani bado ni ovakloki. Sevu profaili ndani ya BIOS na piga picha kwa simu vile vile, manake apdeti ya BIOS mara nyingi inazifuta profaili zote.

Yangu leo iko 4.9, BIOS 1.29, kazini inasoma 1.26, joto la juu 81 mchana wa Ntinda na feni zote mbili zikiwa safi, WHEA hakuna hata moja tangu nikaze zile skrubu. Nimeweka alama ya wino kwenye skrubu na kwenye bracketi yake, zikijizungusha naona kwa macho.